Mtoto wa mbwa kagoma kula, leo siku ya nne. Anadeka au anaumwa?

#1 Fundi wa Kivule
Wakuu, salaam.

Nimenunua mtoto wa mbwa, German Shepherd, dume, kwa laki tatu na nusu. Muuzaji kaapa kwamba hana damu nyingine, mimi nikimtazama masikio naona kama chotara. Nimeambiwa ana miezi miwili.

Leo siku ya nne yupo kwangu na chakula hataki. Namsongea ugali laini wa sembe, namwagia supu ya dagaa. Anakuja, ananusa, ananitazama usoni kama mtu aliyeletewa bili isiyo yake, anarudi kulala chini ya ngazi. Jana kainamisha kichwa kwenye sufuria nikajua tumepona. Kumbe anachagua vichwa vya dagaa. Ugali kauacha umelambwa, umeng'aa.

Maji anakunywa. Jioni anacheza kidogo na kung'ata kandambili zangu. Hatapiki, haharishi.

Mke wangu anasema anadeka. Jirani anasema minyoo. Muuzaji nikimpigia anasema "mpe njaa, atakula tu". Nimsikilize nani? Jina lake Simba.

#2 Nimekaa Pale
Uzi wa mbwa bila picha? Tupia picha tumuone mgonjwa.

#3 Kijani na Njano
Simba kukosa hamu ya kula ni kawaida msimu huu. Mbadilishie jina, muite Yanga, utaona anamaliza na sufuria.

#4 Mnyama Damu
#3 ndo maana mnaitwa utopolo. Mtu ana shida ya mbwa, wewe unaleta mambo ya Jangwani.

#5 Mama Kuku
Pole mkuu. Achana na ugali, huyo bado mtoto. Mpe maziwa fresh ya ng'ombe, chemsha, yapoe, weka na kijiko cha sukari. Wangu wote wamekua hivyo.

#6 Mzee Mbwembwe
Muuzaji kasema kweli. Mbwa hafi njaa wakati sahani iko mbele yake. Nyie wa siku hizi mnawabembeleza mbwa kama wajukuu. Weka chakula asubuhi, asipokula toa, usimpe kitu mpaka kesho. Siku ya tatu atakula mpaka mwiko.

#7 Dokta Kwato
Mimi ni daktari wa mifugo, japo kazi yangu kubwa ni ng'ombe. Mkuu #1, ushauri wa #6 ni wa mbwa mkubwa mwenye afya. Mtoto wa umri huo hana akiba mwilini. Akikaa bila chakula siku nzima sukari inashuka, anaanza kulegea na kutetemeka. Ukiona hivyo mpake asali kidogo kwenye fizi na umkimbize kwa daktari.

Naomba majibu haya:
Fizi zake zina rangi gani? Bonyeza kwa kidole paweupe, achia. Rangi irudi ndani ya sekunde mbili. Zikiwa nyeupe muda wote, fikiria minyoo inayonyonya damu au kupe.
Ana kadi ya chanjo? Alishapewa dawa ya minyoo, lini?
Na kwenye hiyo supu ya dagaa umeweka kitunguu?

Dada #5, maziwa ya ng'ombe wengi wao yanawaharisha, na mtoto asiyekula akianza kuhara unakuwa na matatizo mawili.

#8 Mkokoteni
Nafuatilia huu uzi. Mimi wangu ni jike koko, mkubwa, aliyezoea kula hata maganda ya ndizi, na wiki hii kagoma chakula cha nyumbani. Ananusa anaondoka. Sijui kuna ugonjwa umeingia mjini.

#9 Mstaafu wa Lindo
Nimefuga mbwa tangu Mwalimu yupo Ikulu. Tatizo la huyu si chakula, ni umri. Wauzaji wanawatoa kwa mama wakiwa na wiki nne au tano kwa sababu wakianza kula wanamtia gharama, halafu wewe unaambiwa miezi miwili.

Mkuu #1 mfungue kinywa. Meno ya mbele hutoka wiki ya tatu na ya nne. Magego ya utoto yanafuata baadaye. Mbwa akitimiza wiki nane kinywa kimejaa, meno 28. Ukikuta huko nyuma ni ufizi mtupu, jua umeuziwa mtoto wa kunyonya. Huyo ugali hajui ni kitu gani, usimlaumu.

#10 Fundi wa Kivule
Asanteni wote. Majibu kwa dokta: fizi ni za pinki lakini si kali sana. Kadi ya chanjo hakuna, muuzaji alisema "ataniletea". Dawa ya minyoo sijui. Na ndiyo, kitunguu nilikuwa naweka, na nyanya pia, ili kinukie.

Mstaafu, meno nimehesabu kwa tochi ya simu. Nimefika 22 akaning'ata kidole, nikaanza upya, nikapata 20. Nyuma juu kushoto kuna kimoja kimechungulia kama punje ya mchele.

#11 Dokta Kwato
Kitunguu ACHA leo hii. Kitunguu maji, kitunguu saumu, kibichi au kilichopikwa, vinaharibu chembe nyekundu za damu za mbwa. Huenda pua yake ilikuwa na akili kuliko mpishi.

#12 Nimekaa Pale
Mpishi kapigwa hadharani 😂

#13 Omena Mkavu
Habari zenu, niko Nakuru. Huku kwetu hao dagaa ni omena. Wangu alikuwa hivyo hivyo. Nikagundua nanunua omena ya kuku, ile ya bei ya chini, imejaa mchanga. Mimi mwenyewe nilitafuna moja nikasikia kokoto. Osha mara tatu, loweka, chemsha, saga. Na chakula kikiwa vuguvugu kinanukia, kikipoa ni kama matope. Pua ndiyo inamwambia mbwa ale, ulimi unafuata baadaye.

#14 Mzee Mbwembwe
Kusaga dagaa, kupasha moto, kuosha mara tatu. Mimi mke wangu hajanifanyia hayo tangu harusi.

#15 Dada wa Makorora
Mmesahau chombo. Mleta mada kasema sufuria, nadhani ni ile ya bati inayong'aa. Wangu hapa Tanga alikuwa anakaribia sahani ya stili, anaona mbwa mwingine ndani anamtazama, anabweka, anarudi nyuma. Tulicheka wiki nzima kabla ya kuelewa. Nikamwekea kwenye kipande cha mbao, akala. Jaribu kitu kisichong'aa na kisicho na kina, watoto wa mbwa hawapendi kuzamisha uso.

#16 Kijani na Njano
Simba kaona Simba mwenzie kwenye sufuria akakimbia. Sina la kuongeza.

#17 Mkagua Nafaka
Naomba nitoe angalizo kuhusu ugali wenyewe. Wengi tunawasongea mbwa unga uliokataliwa na watu: pumba, mahindi yaliyovunda, dona lenye harufu ya ukungu. Sumukuvu haionekani kwa macho na haifi kwa kupikwa. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa mahindi yenye sumukuvu, na Kenya mwaka 2004 ilikuwa kubwa zaidi, Makueni na Kitui. Mbwa ini lake halivumilii kabisa, na dalili ya mwanzo ni hiyo hiyo: anakataa chakula. Mkuu unga wako ni wa kununua au wa kusaga?

#18 Fundi wa Kivule
Unga wa dukani, huo huo tunaokula sisi. Kama ni sumukuvu basi tunaelekea wote.

Taarifa ya leo, siku ya sita. Nimeacha kitunguu. Sufuria nimeiondoa, nikamwekea kwenye mfuniko wa ndoo ya rangi, ule mweupe. Dagaa nimeosha, nimesaga. Kala! Si wote, kama viganja viwili. Dada wa Makorora ubarikiwe.

Kisha nikampeleka kupimwa uzito kwa jamaa wa vyuma chakavu, maana ndiye mwenye mzani wa kuning'iniza hapa mtaani. Tukamtia kwenye kiroba, kichwa nje. Kilo 3.4 pamoja na kiroba. Jamaa akaniuliza nimuandikie bei ya bati au ya shaba.

#19 Dokta Kwato
Kilo tatu na ushee kwa dume la German wa miezi miwili ni ndogo mno, wengi hufika sita na kuendelea. Hapo kuna mambo matatu: ama ni mdogo kuliko ulivyoambiwa, ama ana minyoo imemla, ama baba yake hakuwa German. Yote matatu pia yanawezekana.

Minyoo mbwa huzaliwa nayo. Inapita kwa mama tumboni na kwenye maziwa. Ndiyo maana dawa inaanza wiki ya pili na kurudiwa kila wiki mbili. Nenda duka la dawa za mifugo, taja uzito, pewa dawa ya minyoo ya MBWA. Usipewe sindano ya ng'ombe ukaambiwa "weka kidogo tu". Na watoto wako wanawe mikono, hiyo minyoo inawapata na watu.

Milo minne kwa siku, kidogo kidogo. Kisipoliwa ndani ya dakika ishirini, ondoa. Usiache chakula kinalala nje.

#20 Mama Kuku
Nilikuwa nimenuna lakini narudi. Mkuu una watoto nyumbani? Wangu mmoja nilihangaika naye mwezi, kumbe mdogo wangu wa mwisho anampa maandazi kila akitoka shule. Mbwa aliyeshiba andazi la moto ataanzaje kula ugali wako? Uliza kwanza watoto, na uliza dada wa kazi.

#21 Fundi wa Kivule
Nimeuliza. Wote wamekataa kwa haraka sana, jambo ambalo limenitia wasiwasi.

#22 Nyota Kali
Hakuna anayesema ukweli hapa. Umenunua mbwa wa laki tatu na nusu mtaa wa watu wenye koko, ukadhani watakuchekea? Kuna jicho. Chukua chumvi ya mawe, zungusha

#23 Mstaafu wa Lindo
#22 chumvi hiyo weka kwenye kachumbari. Mbwa ana meno 20, bado unatafuta mchawi.

#24 Dada wa Makorora
Mstaafu na wewe usishikilie meno. Kahesabu gizani, kwa tochi, huku anang'atwa. Hata angekuwa na miezi minne angepata 20. Mimi bado nasema ni chombo, na ushahidi upo #18.

#25 Fundi wa Kivule
Siku ya nane. Nilifurahi mapema. Jana na leo mfuniko wa ndoo kaukataa kama alivyokataa sufuria.

Dawa ya minyoo kapewa juzi. Asubuhi yake nimeona vitu kwenye choo, virefu, vyeupe, kama tambi. Sikuhesabu. Mke wangu alihesabu kwa mbali akafika saba akaingia ndani. Jirani kaja kupokea pongezi zake.

Cha ajabu ni hiki. Mchana hali, ila chakula cha usiku, nikikiacha uani, asubuhi nakuta mfuniko mtupu, umelambwa. Dokta najua ulikataza, samahani, nilichoka kuamka. Tumbo lake asubuhi limejaa, ila si kwa kiasi cha chakula kilichokuwepo.

#26 Omena Mkavu
Joto! Huku Nakuru kuna baridi, wanakula mchana. Dar jua hilo nani atakula ugali saa saba? Mimi mwenyewe nikija Dar nakunywa soda tu. Mpe alfajiri na usiku.

#27 Mzee Mbwembwe
Anakula usiku kwa sababu usiku humtazami. Mchana unamsimamia kama mwalimu wa zamu. Ungekula wewe?

#28 Mkokoteni
Na wangu bado hali. Nimempa mpaka mapupu jana, kalamba kwa heshima tu. Lakini hapungui mwili, hilo ndilo linanichanganya. Kama mna dawa ya mbwa mkubwa semeni.

#29 Kijani na Njano
#28 huyo ana mchepuko.

#30 Dokta Kwato
#28 jike, hali nyumbani, mwili haupungui: anakula kwa mtu. Alizaa karibuni?

#31 Mkokoteni
Alizaa, kama miezi miwili imepita. Watoto wanne, nikawagawa wote. Ana maziwa kidogo bado.

#32 Fundi wa Kivule
Wakuu, kaeni chini.

Usiku wa jana nilijificha dirishani, taa nimezima. Saa tano na robo hivi nasikia kwaru kwaru chini ya geti. Pana shimo la maji ya mvua, nilidhani hata paka hapiti. Akaingia jike koko, mwekundu, mwembamba, amejibana kama karatasi. Simba akatoka chini ya ngazi mbio, mkia unazunguka mpaka kiuno kinayumba. Jike akaenda moja kwa moja kwenye mfuniko, akala ugali na dagaa wangu wote, huku huyu bwana mdogo kakaa pembeni anasubiri.

Alipomaliza, Simba akaanza kumlamba mdomo. Analamba pembeni, analamba chini, anadunda, anasukuma kwa pua. Jike akarudi nyuma hatua mbili, akainama, tumbo likaminya, akatapika. Ugali ule ule. Dagaa wale wale nilioosha mara tatu. Na Simba akala. WOTE. Hakubakiza hata tone, akalamba sakafu.

Mke wangu alikuwa nyuma yangu. Amesema yeye na huyo mbwa hawatagusana tena mpaka mmoja wao aoge kwa dettol.

#33 Nimekaa Pale
Nilikuwa nakula. Nilikuwa.

#34 Mstaafu wa Lindo
Nilisema nini #9? Huo ndio umri! Mama mbwa anapomwachisha mtoto ziwa humtapikia chakula laini, cha moto, kilichoanza kusagika. Mtoto akimlamba mdomo ndio anaomba. Ndio maana mbwa mkubwa bado anakulamba uso ukirudi kazini, nyie mnadhani ni mapenzi. Huyu ana wiki tano au sita, katolewa kwa mama mapema, kajitafutia mama mwingine. Laki tatu na nusu na bado kalelewa na koko.

#35 Dada wa Makorora
Hapana mzee. Wengi wanafanya hivyo hata wakiwa na miezi miwili au zaidi. Mimi naona ni upweke. Mtoto aliyezoea kula na ndugu zake sita, anasukumana nao, leo kawekewa sahani peke yake na watu watatu wamemzunguka na tochi. Akija mwenzie, hamu inarudi. Weka mbwa wawili uone.

#36 Mama Kuku
Ila chombo kilikuwa kile kile, dada.

#37 Dada wa Makorora
Sijasema chombo tu.

#38 Dokta Kwato
Kuhusu kutapikiwa, mzee #34 yuko sahihi, ni tabia ya asili. Lakini mkuu ziba hilo shimo. Huyo mtoto hana chanjo hata moja na jike huyo hatujui anazunguka wapi. Parvo, ugonjwa wa virusi wa mbwa, ilitambuliwa mara ya kwanza mwaka 1978 na ikaenea dunia nzima ndani ya miaka michache, kirusi chake kinakaa kwenye udongo miezi mingi, hata mwaka. Mtoto akiipata unaona kukataa chakula, kutapika, kisha kuhara damu. Chanjo inaanza wiki ya sita hadi ya nane, inarudiwa kila baada ya wiki tatu au nne mpaka afikishe wiki 16. Ya kichaa cha mbwa akitimiza miezi mitatu. Kampeleke kesho.

Chakula mtengenezee kama cha yule jike: kipondwe kabisa, kiwe uji mzito, joto la mwili, mchanganyie nyama au dagaa nusu kwa nusu. Mlishe kwa kidole mwanzo.

#39 Mzee Mbwembwe
Dokta anamwambia mtu atengeneze matapishi. Tumefika mbali.

#40 Fundi wa Kivule
Kesho asubuhi kwenye chanjo, nimeshaongea na daktari wa huku. Shimo nimeweka tofali, lakini saa tano usiku jike alikuja akakaa nje ya geti analia, na huyu ndani analia. Mtaa mzima haujalala. Kwa kidole kala kidogo, akaacha, akaenda kunusa tofali.

Wengine mnasema umri, wengine upweke, minyoo imetoka kweli, kitunguu nacho kilikuwemo. Nimechanganyikiwa zaidi ya siku ya kwanza. Sijui nimrudishe jike ndani au la. Na ni wa nani?

#41 Mkokoteni
Mkuu, huyo jike mwekundu, shingoni ana kola ya mpira wa baiskeli, imefungwa kwa waya?

#42 Fundi wa Kivule
Ndiyo. Waya wa kijani.

#43 Mkokoteni
Uko Kivule upande upi? Nakuja na taa. Na naomba usimwambie mke wangu nilimpa mapupu.